Titi Lote au Uvimbe Tu? Sayansi na Uamuzi wa Upasuaji wa Saratani ya Matiti

Miongoni mwa saratani zote zinazowapata wanawake duniani, saratani ya matiti ndiyo iliyo nyingi zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na ugonjwa huo, na kwamba wengine wapatao 670,000 walifariki kutokana nao mwaka huohuo. Wanaume pia huupata, kwa kuwa nao wana nyama za titi, lakini ni wachache: mmoja au pungufu katika kila wagonjwa 100.

Kila mmoja wa watu hao, baada ya kuambiwa jina la maradhi yake, hukutana na maswali ambayo hakuyatazamia. Je, titi likatwe lote, au uondolewe uvimbe peke yake? Tezi za kwapani nazo zitolewe? Operesheni ifanywe kesho, au kuna nafasi ya kufikiri? Na mwenye kauli ya mwisho ni nani: daktari, mume, wazee wa ukoo, au mgonjwa mwenyewe?

Kwa karibu miaka 80 maswali hayo hayakuulizwa sana, maana jibu lilikuwa moja tu: titi likatwe lote, pamoja na misuli iliyo chini yake. Leo majibu ni zaidi ya moja, na mabadiliko hayo hayakutokea kwa bahati. Jibu la zamani lilibatilishwa na majaribio yaliyopangwa kwa uangalifu, yaliyowahusisha maelfu ya wanawake na kuchukua miongo kadhaa. Mwanafunzi wa sayansi anayekifuatilia kisa hiki atajifunza mambo mawili kwa pamoja: namna ugonjwa huu unavyotibiwa, na namna ukweli wa kisayansi unavyotenganishwa na mazoea.

HESABU YA UVIMBE

Titi limeundwa kwa vifuko vidogo vinavyotengeneza maziwa, mirija inayoyapeleka maziwa hayo kwenye chuchu, mafuta, na nyuzinyuzi zinazovishikilia vyote hivyo. Saratani nyingi za titi huanza katika kuta za mirija. Seli moja hupata hitilafu katika chembe zake za urithi, ikaacha kutii utaratibu wa mwili, na kuanza kujigawa ovyo. Moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane.

Ukuaji wa namna hii unaweza kupigiwa hesabu darasani. Uvimbe wenye kipenyo cha sentimita 1, ambao vidole vinaweza kuanza kuuhisi, hukadiriwa kuwa na seli kama bilioni moja. Ili seli moja ifikie idadi hiyo, hapana budi ijizidishe maradufu mara 30, kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 30 ni 1,073,741,824. Tuseme, kwa mfano, kwamba kila maradufu huchukua siku 100. Basi uvimbe huo mdogo umekwisha kuwamo mwilini kwa siku 3,000, yaani zaidi ya miaka minane, kabla ya mkono kuugusa.

Hesabu ya pili inaonyesha upande mwingine. Uvimbe unapotoka kipenyo cha sentimita 1 na kufikia sentimita 5, ujazo wake huongezeka mara 125. Hapo maradufu saba tu zatosha, maana 2 kwa kipeo cha 7 ni 128. Kwa kipimo kilekile cha siku 100, safari hiyo yote humalizika katika siku 700, yaani muda usiofika miaka miwili. Uvimbe hai haufuati hesabu hii sawasawa. Upo unaokua upesi zaidi, na upo unaokwenda polepole. Hata hivyo mafunzo yake mawili ni ya kweli. Kwanza, ugonjwa uliochukua miaka kujijenga hauhitaji kuamuliwa katika dakika kumi za hofu. Majuma machache ya kupimwa vyema na kuuliza maswali hayaharibu tiba. Pili, miezi mingi ya kungoja, hasa baada ya uvimbe kuonekana, ni hasara kubwa, kwani katika kipindi hicho uvimbe uliokuwa mdogo huwa mkubwa, na seli zake hupata nafasi ya kusafiri.

MIAKA MINGI YA KISU

Upasuaji wa titi ni wa kale kuliko nusukaputi. Tarehe 30 Septemba 1811, mjini Paris, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza Fanny Burney alikatwa titi na Dominique-Jean Larrey, mpasuaji mashuhuri wa majeshi ya Napoleon, akiwa na fahamu zake timamu. Aliishi hadi mwaka 1840. Kisa chake husimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba upasuaji ulimponya. Lakini uvimbe wake haukuchunguzwa kwa hadubini, na kwa hiyo haiwezekani kujua kama kweli ulikuwa saratani. Aliyepona mmoja, hata awe maarufu namna gani, hathibitishi dawa.

Nusukaputi ilipoanza kutumika mwaka 1846, na njia za kuua vijidudu vya vidonda zilipoenea baada ya mwaka 1867, wapasuaji walipata uwezo wa kukata kwa kina na kwa utulivu. Aliyetia fora alikuwa William Halsted wa Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Nadharia yake ilikuwa nyepesi kueleweka: saratani huanza mahali pamoja, kisha husambaa kwa utaratibu kuelekea nje, mfano wa moto unaounguza nyasi kutoka kiini chake. Ikiwa ni hivyo, tiba ni kukata mbele ya moto. Halsted aliondoa titi zima, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi zote za kwapa, vyote katika pande moja la nyama.

Mwaka 1894 alichapisha taarifa ya wagonjwa 50 aliowatibu hivyo. Ugonjwa ulirudi kifuani kwa wachache mno wakilinganishwa na wagonjwa wa wapasuaji wengine wa zama zile. Wapasuaji duniani kote waliifuata njia hiyo. Wanawake waliopona kidonda walibaki na kifua ambacho mbavu zake zilionekana chini ya ngozi, bega lililokakamaa, na mara nyingi mkono uliovimba maisha yote. Wengi walikubali, maana waliambiwa kwamba hiyo ndiyo bei ya uhai.

Hata hivyo jambo moja liliwasumbua waliochunguza kumbukumbu kwa makini. Wanawake wengi ambao kifua chao hakikurudiwa na ugonjwa walifariki hata hivyo, miaka kadhaa baadaye, kwa saratani iliyojitokeza katika mifupa, ini au mapafu. Maelezo yalikuwa mawili. Huenda kisu hakikufika mbali vya kutosha. Na wenye kuamini hivyo walizidi kukata, baadhi yao wakaondoa hata sehemu za mbavu. Au huenda seli zilikwisha kutoroka kwa njia ya damu kabla ya mgonjwa kufika hospitalini. Na kama ni hivyo, kukata zaidi hakungemsaidia mtu.

Dalili ya mwanzo kwamba maelezo ya pili yana uzito ilitoka London. Katika miaka ya 1920 Geoffrey Keynes, mpasuaji wa Hospitali ya St Bartholomew, alianza kuwatibu baadhi ya wagonjwa kwa sindano za radiamu zilizochomekwa ndani ya titi, bila kulikata lote. Radiamu yenyewe ilikuwa imegunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Keynes alipotangaza matokeo yake mwaka 1937, wagonjwa wake walikuwa wameishi takriban sawa na waliokatwa sana. Wenzake wengi hawakushawishika, nao walikuwa na hoja: nani ajuaye kama Keynes hakuchagua wagonjwa waliokuwa na nafuu tangu mwanzo?

KURA DHIDI YA MAZOEA

Hoja hiyo ndiyo kiini cha mambo yote yaliyofuata. Daktari akichagua mwenyewe nani apewe tiba ipi, bila kukusudia huwapeleka wenye nafuu upande mmoja na waliozidiwa upande mwingine. Mwishoni hawezi kujua kama tofauti aliyoiona imeletwa na tiba au na hali za wagonjwa. Dawa ya kasoro hiyo ni kura. Wagonjwa waliokubali kushiriki hugawanywa kwa bahati nasibu, kama kwa kurusha sarafu, ili umri, ukubwa wa uvimbe na hata mambo yasiyojulikana yagawanyike takriban sawasawa katika makundi yote. Njia hii ilipata sifa mwaka 1948, Waingereza walipoitumia kupima dawa ya streptomaisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu.

Mwalimu anaweza kuionyesha njia hii darasani kwa urahisi. Wanafunzi 40 wagawanywe makundi mawili kwa kurusha sarafu, kisha wastani wa urefu wao upimwe. Zoezi lirudiwe mara kadhaa. Makundi yatakaribiana mara nyingi, ingawa si mara zote, na wanafunzi wataona wenyewe kwa nini jaribio la watu 700 huaminika kuliko la watu 40.

Nchini Marekani, Bernard Fisher wa Pittsburgh alikwisha kuamini, kutokana na uchunguzi wa maabara, kwamba saratani ya titi haiendi kwa mpango wa moto wa nyasi. Mwaka 1971 jaribio aliloliongoza lilianza kulinganisha operesheni ya Halsted na upasuaji uliopungua, usiogusa misuli ya kifua. Walishiriki wanawake 1,665. Walifuatiliwa kwa miaka 25, na taarifa ya mwisho, iliyotoka mwaka 2002, ilionyesha kwamba waliokatwa sana hawakuishi muda mrefu kuliko waliokatwa kidogo. Misuli iliyoondolewa kwa vizazi vitatu haikuwa imemwokoa mtu yeyote zaidi.

Wakati huohuo, mjini Milano, Italia, Umberto Veronesi aliuliza swali kubwa zaidi: je, titi lenyewe lazima liondoke? Kati ya mwaka 1973 na 1980 wanawake 701 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2 walipigiwa kura. Wanawake 349 walifanyiwa operesheni ya Halsted. Wengine 352 waliondolewa robo ya titi yenye uvimbe pamoja na tezi za kwapa, kisha titi lililobaki likapigwa mionzi. Baada ya miaka 20 ugonjwa ulikuwa umerudi kifuani kwa wanawake 8 wa kundi la kwanza, na umerudi katika titi lilelile kwa wanawake 30 wa kundi la pili. Tofauti hiyo ni ya kweli wala haifai kufichwa. Lakini idadi ya waliofariki katika makundi yote mawili ilikuwa takriban sawa.

Fisher naye alianza jaribio jingine mwaka 1976. Wanawake zaidi ya 2,000 waligawanywa makundi matatu: waliokatwa titi zima, walioondolewa uvimbe tu, na walioondolewa uvimbe kisha wakapata mionzi. Baada ya miaka 20, makundi hayakutofautiana kwa urefu wa maisha. Tofauti ilikuwa ndani ya titi lililobakizwa: ugonjwa ulirudi kwa kiasi cha wanawake 39 katika kila 100 ambao hawakupata mionzi, lakini kwa 14 tu katika kila 100 walioipata. Hivyo mionzi si nyongeza ya hiari kwa wengi wanaobakiza titi. Ni nusu ya tiba yenyewe.

Jaribio hili lilipatwa na msukosuko ambao nao una funzo. Mwaka 1994 ilitangazwa hadharani kwamba kumbukumbu za baadhi ya wagonjwa kutoka hospitali moja ya Kanada zilikuwa zimeghushiwa. Wanawake waliokwisha kuamua kwa kutegemea jaribio hilo walishikwa na fadhaa. Takwimu zilihesabiwa upya, wagonjwa wote wa hospitali hiyo wakiachwa nje, na hitimisho halikubadilika. Sayansi haisimami kwa sababu watafiti ni malaika. Husimama kwa sababu kazi yao inaweza kukaguliwa na wengine, na kwa sababu Milano na Pittsburgh, bila kutegemeana, zilifika mahali pamoja.

SUALA LA KWAPA

Chini ya kwapa zipo tezi za limfu, ambazo huchuja majimaji yanayotoka kwenye titi. Seli za saratani zinaposafiri, aghalabu hupita hapo kwanza. Kwa sababu hiyo wapasuaji waliziondoa zote, ili kujua kama ugonjwa umefika. Lakini tezi hizo pia huondoa maji mkononi. Zikitolewa nyingi, mkono huweza kuvimba, ukawa mzito, na kushindwa kubeba ndoo au kushika jembe. Kwa mkulima hilo si jambo dogo.

Katika miaka ya 1990 ilibuniwa njia ya kuitafuta tezi ya mlinzi, yaani ile inayopokea majimaji ya titi kabla ya nyingine zote. Rangi ya buluu, au kemikali yenye mnunurisho hafifu, hudungwa karibu na uvimbe. Tezi inayoipokea kwanza hutolewa na kuchunguzwa. Ikiwa haina saratani, nyingine huachwa. Jaribio la wanawake zaidi ya 5,000, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2010, lilithibitisha kwamba walioachiwa tezi zao hawakupoteza chochote katika urefu wa maisha. Mwaka 2011 jaribio jingine lilionyesha kwamba hata tezi moja au mbili za mlinzi zikikutwa na saratani, si lazima kwapa lote lisafishwe, mradi mgonjwa ana uvimbe usio mkubwa, ameondolewa uvimbe tu, na atapata mionzi pamoja na dawa.

RIDHAA YA MGONJWA

Mbinu hizi zote hazina maana ikiwa mgonjwa haulizwi. Hadi katikati ya miaka ya 1970, nchini Marekani na kwingineko, ilikuwa kawaida mwanamke kutia sahihi kabla ya kulazwa kwa nusukaputi bila kujua ataamka vipi. Kipande cha uvimbe kilikatwa na kupimwa papo hapo. Kikionekana kuwa saratani, titi liliondolewa palepale. Ndivyo alivyofanyiwa Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, tarehe 28 Septemba 1974. Alilitangaza jambo hilo bila kuficha, na wanawake wengi wakapata ujasiri wa kwenda kupimwa.

Mwaka huohuo mwandishi wa habari Rose Kushner alikataa utaratibu huo kwa mwili wake mwenyewe. Alitaka kipimo kifanywe siku moja na upasuaji siku nyingine, ili kati yake apate nafasi ya kujua na kuchagua. Alikuta wapasuaji wengi hawataki hata kumsikiliza. Hata hivyo mwaka 1979 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambalo Kushner alikuwa mmoja wa wajumbe wake, lilipendekeza kwamba kipimo na upasuaji vitenganishwe. Mwaka 1990 jopo jingine lilitamka kwamba kwa wanawake wengi wenye ugonjwa wa hatua za mwanzo, kubakiza titi ni njia inayofaa kuliko kulikata lote.

MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KUAMUA

Haifai, baada ya hayo yote, kudhani kwamba kukata titi zima ni makosa. Ni tiba nzuri, na kwa wagonjwa wengine ndiyo inayofaa zaidi. Uvimbe ukiwa mkubwa kuliko ukubwa wa titi lenyewe, au ukiwa umejitokeza sehemu mbalimbali za titi moja, au mgonjwa akiwa amewahi kupigwa mionzi kifuani, aghalabu titi lote huondolewa. Mwanamke mwenye mimba changa naye hawezi kupewa mionzi wakati huo, kwa usalama wa mtoto.

Swali la kwanza kwa mgonjwa, basi, ni lile la maabara. Kipande cha uvimbe kilichotolewa kwa sindano huchunguzwa kwa hadubini ili kuthibitisha ugonjwa. Huchunguzwa pia kama seli zake zina vipokezi vya homoni, na kama zina wingi wa protini iitwayo HER2. Majibu haya huonyesha dawa zitakazosaidia, mathalan tamoksifeni kwa wenye vipokezi vya homoni. Dawa ndizo zinazozifuata seli zilizokwisha kutoroka, mahali ambapo kisu hakiwezi kufika. Kwa baadhi ya wagonjwa dawa hutangulizwa kabla ya upasuaji. Uvimbe hupungua, na titi lililokuwa halina budi kukatwa huweza kubakizwa.

Swali la pili ni la kingo. Nyama iliyotolewa pamoja na uvimbe hupakwa wino pembezoni na kuchunguzwa. Seli za saratani zikigusa wino, maana yake ni kwamba huenda nyingine zimebaki, na mgonjwa hurudi tena katika chumba cha upasuaji. Mwanamke anayechagua kubakiza titi afahamu mapema kwamba jambo hilo linaweza kutokea.

Swali la tatu ni la titi la pili. Wapo wanaotaka yote mawili yaondolewe ili wapate utulivu wa moyo. Kwa wenye hitilafu ya urithi katika jini za BRCA1 au BRCA2, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995, jambo hilo lina msingi, kwa kuwa hatari yao ni kubwa. Kwa wasio na hitilafu hiyo, hatari ya saratani mpya katika titi la pili ni chini ya mgonjwa 1 katika 100 kwa mwaka, na kuliondoa hakujaonekana kurefusha maisha.

Swali la nne ni la safari, na hapa Afrika Mashariki huenda ndilo zito kuliko yote. Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mjini Dar es Salaam, iliyoundwa kisheria mwaka 1996, kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee penye tiba ya mionzi; Hospitali ya Bugando mjini Mwanza ilifuata baadaye. Mionzi ya titi kwa kawaida ilitolewa siku tano kwa juma, kwa majuma matano au sita. Mwanamke anayetoka Songea au Kigoma hana budi kufikiria nauli, mahali pa kulala, shamba na watoto aliowaacha. Akibakiza titi kisha akashindwa kuimaliza mionzi, atakuwa amechukua nusu ya tiba. Kwake huyo, kukatwa titi zima huweza kuwa chaguo la busara kabisa, ingawa mara nyingine mionzi huhitajika hata baada ya hapo, ikiwa uvimbe ulikuwa mkubwa au umefika kwenye tezi.

Utafiti nao umeanza kulijibu tatizo hili. Majaribio ya Kanada na Uingereza yalithibitisha kwamba kwa wagonjwa wengi vipindi 15 au 16 vya mionzi, katika majuma matatu hivi, vinatosha. Mwaka 2020 jaribio la Uingereza lililohusisha wagonjwa zaidi ya 4,000 lilionyesha kwamba, miaka mitano baadaye, waliopewa vipindi vitano tu katika juma moja hawakurudiwa na ugonjwa zaidi ya waliopewa majuma matatu. Kwa mgonjwa wa mbali, tofauti kati ya juma moja na majuma sita huweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kutibiwa na kutotibiwa.

Swali la tano ni la mwili baada ya kidonda. Titi linaweza kuundwa upya kwa nyama ya tumbo au ya mgongo, ama kwa kifuko cha silikoni, siku ileile au baadaye, penye wataalamu wa kazi hiyo. Wengine huvaa titi bandia ndani ya sidiria, na wengine huridhika bila lolote. Hakuna jibu la maabara kwa swali hili. Jibu liko kwa mwenye mwili.

HOFU YA KISU

Katika sehemu nyingi husemwa kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa. Usemi huu haukuzuka hivihivi. Watu wamewaona ndugu zao wakienda hospitali, wakapasuliwa, na kufariki mwaka uliofuata. Kilichoonekana ni cha kweli. Maelezo yake ndiyo yenye kosa. Wengi wa wagonjwa hao walifika wakiwa na uvimbe mkubwa au kidonda kilichochimbika, baada ya miezi mingi ya kungoja, na seli zilikwisha kuenea kabla ya kisu kutolewa alani. Jambo moja kufuata jingine si ushahidi kwamba la kwanza limeleta la pili. Mwanafunzi aliyelielewa somo la kura ataona mara moja kwamba kinachohitajika ni kuwalinganisha waliopasuliwa mapema na waliochelewa.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti uliozinduliwa mwaka 2021, liliweka malengo matatu: zaidi ya wagonjwa 60 katika kila 100 wagunduliwe katika hatua mbili za mwanzo, uchunguzi ukamilike katika siku 60 tangu mgonjwa afike kituo cha afya kwa mara ya kwanza, na angalau 80 katika kila 100 wamalize tiba yao. Malengo hayo yanadai vituo, dawa na wataalamu. Yanadai pia jamii ambayo mwanamke anaweza kulitaja titi lake mbele ya muuguzi bila haya, na mume anayemsindikiza kliniki badala ya kumkataza.

Uvimbe mwingi wa titi si saratani, lakini mkono hauwezi kuupambanua. Hadubini ndiyo iwezayo. Anayehisi donge geni, au kuona ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, aende akapimwe bila kuchelewa. Akishaambiwa kuwa ni saratani, anayo haki ya kuuliza ni ya aina gani, imefika wapi, njia zilizopo ni zipi, na kila njia itamgharimu nini. Anaweza kufuatana na mtu anayemwamini, ayaandike majibu, na kuyafikiria kwa siku kadhaa. Wanawake waliokubali kupigiwa kura huko Milano na Pittsburgh walichukua hatari ya kutojua ili wengine waje kujua. Kwa sababu yao, swali lililokuwa na jibu moja sasa lina majibu kadhaa, na mgonjwa ana mahali pa kusimama anapoamua.